Mshipi wa Mwaloni Mmoja

Mei 29

Daftari hili nimepewa na Frosina, binti wa dada yangu. Amesema, "Mjomba, andika humu mambo yako ya masika. Angalau uongo wako uwe na tarehe." Nimemwambia sijasema uongo tangu nilipoacha shule, na shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu mwalimu aliishiwa na vitu vya kunifundisha. Akacheka. Acheke. Anaolewa Novemba 29, mwache acheke akiwa bado kwetu.

Sasa niandike jambo lenyewe. Hapa Santa Brígida bibi harusi hafungwi kiuno kwa kitambaa cha dukani. Anafungwa mshipi wa hariri ya mwituni, ile wanayoitengeneza viwavi juu ya mialoni wakati wa mvua, wakikaa mamia kwa mamia ndani ya mfuko mmoja kama ukoo. Na anayeileta hariri hiyo ni mjomba. Si baba, si bwana harusi. Mjomba. Dada yangu Hermelinda ni mjane na kaka anaye mmoja tu, mimi Nabor Avendaño, lakini mmoja kama mimi ni sawa na sita.

Wajomba wengine huokota mifuko miwili mti huu, mitatu mti ule, kama kuku anayedonoa. Jumapili kwenye mkutano wa kijiji, watu wakiwa wanazungumzia bomba la maji lililopasuka, nikasimama nikasema: mshipi wa mpwa wangu utatoka kwenye mwaloni mmoja. Mmoja tu. Watu wakaguna. Mwenyekiti akauliza hilo linahusiana vipi na bomba. Hermelinda akajifunika uso kwa shali yake.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nimesema, basi.

Juni 2

Mti nimeshauchagua. Ni ule mwaloni mkubwa wa ukingoni mwa korongo, hatua arobaini kutoka kwenye rundo la mawe la mpaka wetu na San Melitón. Mwaka wa ukame babu yangu alifunga wingu kwenye tawi lake la chini, likakaa siku tatu likikamuliwa kama ng'ombe. Kamba ilipokatika likavuka kwenda kwa hao wa San Melitón, na ndiyo maana mahindi yao yanapendeza mpaka leo. Ni mvua yetu ile.

Nimefunga uzi mwekundu kwenye shina. Mtu wa huku akiona uzi mwekundu anapita zake, hata kama ni mwizi.

Mifuko: mitatu. Kila mmoja kama yai la bata mzinga.

Juni 9

Mvua.

Juni 10

Mvua. Mifuko mitatu. Hermelinda ameuliza ni mingapi. Nimesema tisa.

Juni 13

Hermelinda hajalala na hiyo tisa. Leo kanifuata mpaka shambani, mikono ina unga wa mahindi.

"Tisa," akasema. "Na mimi nataka ishirini, kaka. Iliyokomaa, mikubwa kama kibuyu cha maji. Hiyo mingine itatoka wapi?"

"Itakuja."

"Itakuja na basi?"

Dada yangu ana miaka hamsini na hajawahi kunishangilia hata mara moja. Siku niliyomshinda fahali wa kanisa kwa kumkazia macho tu, mpaka akapiga magoti, yeye aliniuliza kama nimefunga zizi. Nilikuwa sijafunga. Lakini ndilo la kuuliza siku kama ile?

Juni 21

Mungu ameubariki mti wangu. Mifuko: ishirini na sita.

Sina la kueleza. Baraka haielezwi.

Juni 23

Frosina amekuja kuona baraka. Alilizunguka shina mara mbili, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Kisha akanyoosha kidole kwenye tawi la kushoto.

"Mjomba, viwavi wa mwaka huu wanafunga kamba?"

"Kamba gani?"

"Ile ya katani. Na fundo lake kama lako la kufungia punda."

Nikamwambia viwavi wa ukingoni ni werevu, wanatazama watu na kuiga. Akanitazama kwa muda. "Haya mjomba. Ila usiwaonyeshe karata." Akaenda zake akiimba.

Mtoto huyu nilimbeba mgongoni mpaka zahanati ya bondeni alipougua surua. Nikisimulia nasema nilitembea siku nzima na mto ulikuwa umefurika. Ulikuwa mwendo wa nusu siku, na hapakuwa na mto. Sijui kwa nini naandika hivyo hapa. Labda ni hizi tarehe.

Julai 3

Mvua. Nawashwa shingo na mikono. Ni manyoya ya viwavi. Hermelinda kanipaka mafuta ya nguruwe na chumvi, akinisugua kama sufuria.

"Mtu anayetazama mti tu hawashwi hivi," akasema. "Labda awe ameukumbatia."

Nikamgeuzia na mkono wa pili apake.

Julai 6

Kwa mvua ya leo, bata mzinga wa jirani alikunywa maji akiwa amefunga mdomo.

Julai 14

Mzee wa ng'ambo ameanza maneno. Anaitwa Macedonio, mchunga mbuzi wa San Melitón, ana miaka sabini na kitu, miguu imepinda kama koleo. Yeye ana mialoni sita iliyojipanga upande wake wa mawe, na kutwa hukaa chini ya ule wa kwanza akisuka kofia ya ukindu. Leo jioni kaniita kutoka kwao bila hata salamu.

"Nabor! Mti wako unanyesha!"

Anga lilikuwa jeupe. Nikasikiliza. Kweli, chini ya mwaloni wangu kulikuwa na sauti ya manyunyu. Viwavi walikuwa wameanza kutoka mifukoni kwenda kula, na vinyesi vyao vilikuwa vinadondoka kwenye majani makavu, tik tik tik, bila kupumzika.

"Ni afya hiyo," nikamjibu. "Wanakula vizuri."

"Wanakula kuliko mti unavyoota. Mti mmoja haulishi kijiji kizima, bwana."

"Wako una mifuko mingapi?"

"Minne. Na naiona mingi."

"Ndiyo maana uko hivyo ulivyo."

Akainamia kofia yake. Huyo ndiye wa kunifundisha mimi? Santa Brígida nzima inajua habari yangu na huyu mzee. Miaka saba iliyopita, wakati wa ugomvi wa mpaka, nilishuka korongoni peke yangu, nikapiga ukelele mmoja, Macedonio akatimua mbio hadi kiatu chake cha kushoto kikabaki matopeni. Kiatu hicho nimekigongomea juu ya mlango wangu. Cha ngozi, soli ya tairi. Mgeni hukiona kabla hajaniona mimi.

Julai 25

Sikukuu ya Mtakatifu Yakobo. Wazazi wa bwana harusi wamekula kwetu. Nikasimulia habari ya kiatu. Mara hii Macedonio alikuwa na wenzake wanane, wote na mapanga. Baba wa bwana harusi alicheka mpaka pombe ya pulke ikamtoka puani.

Hermelinda aliingia jikoni hadithi ilipoanza na kurudi ilipokwisha. Hufanya hivyo kila mara. Wivu.

Agosti 2

Mvua imepumzika, kama kila Agosti. Jua la wiki mbili tatu, halafu itarudi. Majani hayachipui wakati huu. Mwaloni wangu juu umekuwa mwepesi, naona anga kupitia kwake.

Ni upepo umeyapukutisha.

Agosti 6

Si upepo.

Agosti 11

Nimekata matawi yenye majani kwenye mialoni mingine, nimebeba mizigo mitano begani, nimepanda na kuyafunga juu. Viwavi wameyanusa wakageuka. Kiwavi hali jani lililonyauka. Mimi nimekula maharage ya jana wiki nzima, lakini kiwavi, hapana, yeye anataka jani lililo hai.

Nimeshuka nikiwa nimevimba jicho moja.

Kutoka ng'ambo: "Nabor! Sasa unawapikia?"

Agosti 14

Jua. Mti una majani ya kuhesabika.

Agosti 15

Nimeyahesabu. Sitaandika.

Agosti 19

Niandike taratibu maana nina hasira.

Nilifika asubuhi, ukungu bado haujanyanyuka korongoni. Kwa mbali nikaona kitu kama kamba nene ya kahawia imetupwa kwenye shina langu. Nikasema nani kaacha kamba yake hapa? Nikasogea. Kamba ilikuwa inatembea.

Walikuwa wanashuka. Wote. Kichwa kwa mkia, kichwa kwa mkia, mistari mitatu minne imeungana kuwa mmoja, wanateremka shinani bila haraka kama watu wanaotoka misani. Walipita juu ya uzi wangu mwekundu. Hawakuuzunguka, waliukanyaga. Kisha wakashika njia kwenye nyasi, na njia ile ilielekea kule kwenye rundo la mawe.

Nikakimbia mbele yao nikachimba mfereji kwa panga. Wakaingia mferejini wakatoka upande wa pili. Nikaleta majivu ya moto wangu wa jana nikayamwaga. Wakayazunguka. Nikalaza gogo. Wakalipanda, na nadhani walilifurahia. Nikawazoa kwa kofia, kofia nzima imejaa, nikapanda nao mtini nikawamwaga kwenye tawi, nikarudi kuzoa wengine. Nilipogeuka, wale wa kofia ya kwanza walikuwa wameshashuka na wamejiunga mkiani. Nikawafanyia hivyo mara kumi na moja. Shingo inawaka, macho yanatoka machozi, mimi mzee mzima nimepiga magoti nabishana na wadudu.

Nikainua kichwa. Macedonio amekaa juu ya jiwe la mpaka, upande wake, anakula tortila ya mahindi na chumvi.

"Wapigie ukelele," akasema. "Nasikia ukelele wako unatimua watu."

"Rudisha viwavi wangu, mzee!"

"Mimi sijawaita. Nimekaa tu." Akasogeza mguu wake mmoja, kwa adabu kabisa, ili msururu upite. "Karibuni," akawaambia. "Karibuni, poleni na njaa."

"Ni wa mti wangu! Kuna uzi!"

"Kulikuwa na uzi," akasema. "Sheria unaijua kama mimi."

Naijua. Mfuko ni wa yule mwenye shina unaloning'inia. Ndilo jambo pekee ambalo vijiji vyetu viwili havijawahi kulipigania.

Kufikia adhuhuri walikuwa wamekwisha kuvuka. Walipanda mwaloni wake wa kwanza, wengine wakaenda wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, wakagawana wenyewe bila mkutano. Mimi nimekaa chini ya mti wangu mtupu na mifuko ishirini na sita isiyo na mtu ndani.

Sasa niandike na lile ambalo Frosina alishaliona. Mti wangu ulikuwa na mifuko mitatu. Ile ishirini na mitatu niliikata na vijiti vyake kwenye mialoni midogo ya mlimani, ambayo haikuwa na uzi wa mtu, nikaifunga kwangu kwa kamba ya katani. Nilitaka mti mmoja. Nilikuwa nimesema mti mmoja. Kwa hiyo hata mlimani sasa hakuna kitu, kilichobaki huko kina uzi wa watu wengine.

Agosti 20

Mvua imerudi. Leo ndiyo imeona irudi.

Agosti 23

Nimepeleka ile mifuko mitupu kwa Hermelinda nikisema ni hii hapa, kazi kwako. Ilikuwa kama ngumi ya mtoto, imelowa. Akachemsha mmoja kwenye maji ya majivu kama wanavyofanya, akausuuza, akajaribu kuvuta uzi. Ukakatika. Akavuta tena. Ukakatika. Mwishoni kilichobaki kwenye vidole vyake kilikuwa kama uji.

"Ni hariri changa," akasema. "Waliihama kabla hawajaimaliza."

"Jaribu mwingine."

"Kaka." Akafuta vidole kwenye aproni. "Nimefuma mishipi ya mabinti kumi na tisa wa watu. Huyu ni wangu."

Basi. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kumjibu.

Septemba 1

Frosina amekuja na utepe. Mwekundu, unang'aa, amenunua sokoni Nochixtlán. Ameniletea ili nisifadhaike, ndivyo alivyosema.

"Tazama mjomba, kwa mbali hakuna atakayejua."

"Kwa karibu je?"

"Nitacheza kwa mbali."

Akanishika bega. Nilikuwa na hadithi tayari kichwani, ya tai aliyeshuka na kubeba mwaloni mzima na mizizi yake. Nilifungua mdomo ikakataa kutoka.

Bibi harusi anayefungwa utepe ni yule asiye na mjomba. Wazee watauona utepe huo na kunisomea dua ya marehemu, nami nimekaa palepale nakula mchuzi wa mole.

Septemba 4

Mvua.

Septemba 5

Mvua. Nimekaa mlangoni. Kiatu juu ya kichwa changu kinadondosha matone shingoni. Miaka saba hakijawahi kuvuja.

Septemba 8

Nimevuka mpaka.

Nilibeba chupa ya mezkali, ile pombe yetu kali, na kofia mkononi. Mbuzi wake walinitazama kama wanajua. Macedonio hakuinuka, alisogeza tu ukindu wake ili nipate pa kukaa. Juu yetu mifuko ilikuwa imeanza upya, mikubwa, mizito, inang'aa kama maziwa.

"Umekuja kunitimua?" akauliza.

"Nimekuja kuomba, mzee."

"Mh." Akasuka mistari miwili mitatu. "Sikusikia vizuri. Sikio hili lilipotea siku ile ya ukelele wako."

"Nimekuja kuomba hariri. Mpwa wangu anaolewa."

"Binti wa Hermelinda?"

"Huyo huyo."

"Hermelinda alinitumia mkate siku ile. Wa mayai. Ulikuwa bado wa moto."

Hilo nilikuwa silijui. Na siku ile anayoizungumza lazima niiandike sasa, kwa sababu nimekwisha kuanza kuandika mambo.

Miaka saba iliyopita nilishuka korongoni peke yangu, hiyo ni kweli. Nilikuwa nimekunywa. Niliteleza, kifundo cha mguu kikavunjika, nikalala matopeni nikilia. Nililia, ndiyo. Macedonio alinisikia. Wakati ule watu wa vijiji vyetu walikuwa wanarushiana mawe, lakini alishuka, akanibeba mgongoni mpaka upande wetu, mtu wa zaidi ya miaka sitini akimbeba mwanamume mzima kwenye mwinuko ule. Kiatu chake kilibaki kwenye tope. Akanilaza karibu na nyumba ya dada yangu akarudi kwao na mguu mmoja mtupu. Kesho yake watu waliona kiatu cha San Melitón kwenye tope letu, wakaniuliza, na mimi nikajibu. Jibu lilikuwa zuri mno. Hermelinda, aliyenifunga mguu, aliingia jikoni.

"Hariri utapewa," Macedonio akasema. "Nondo wakishatoka. Si kabla."

"Na wewe unataka nini?"

"Kiatu changu. Ukilete kwenye harusi, mbele ya watu wenu, useme kilifikaje kwako."

"Mbele ya watu wote?"

"Ndio waliosikia ile ya kwanza."

Nikamwambia nitafikiri. Akasema viwavi hawana haraka, wana majani mengi. Nilikasirika nikanyanyuka. Nilipofika kwenye mawe nikarudi nikasema sawa.

Septemba 15

Nimekwenda ng'ambo. Macedonio hataki niguse kitu. "Kaa. Tazama." Nimekaa. Nimetazama.

Septemba 22

Mvua ya mawe. Tulijikinga chini ya mwaloni wa pili tumejifunika ngozi moja ya mbuzi. Nikamsimulia habari ya wingu la babu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa na uso kama ukuta, kisha akasema:

"Mimi nilikuwa na mbuzi mwenye haya sana. Ukimkamua, maziwa yake yalikuwa yanajifunika malai palepale."

Akaendelea kusuka kofia. Hakucheka hata kidogo.

Nimerudi nyumbani nimeudhika. Ni fupi na ni nzuri kuliko zangu zote za mwaka huu.

Oktoba 3

Viwavi wamefunga milango ya mifuko. Hakuna anayetoka kula. Macedonio anasema wamelala wabadilike. Nimemuuliza itachukua muda gani. "Muulize aliye ndani."

Hermelinda anauliza kila siku. Anasema anahitaji wiki nne: kuchemsha, kusokota, kutia rangi nyekundu ya wadudu wa mpungate, kufuma. Hizo wiki nne zinaanza lini, kaka? Sijui, dada. Amenitazama kwa mshangao. Nadhani ni mara ya kwanza kusikia neno hilo kwangu.

Oktoba 12

Bado.

Oktoba 17

Bado. Nilishika kisu, nikafika mpaka kwenye mfuko wa chini. Macedonio alikuwa na mbuzi mbali. Ulikuwa mzito, na ndani kulikuwa na kitu kinagusagusa, kama mtu anayetafuta kifungo gizani. Nikarudisha kisu.

Oktoba 24

Wametoka! Nondo wa kahawia, wanene, wanaruka ovyo kama watu waliotoka kwenye karamu. Mmoja alitua kwenye kofia yangu, mwingine kwenye pua ya mbuzi.

Tumekata mifuko pamoja. Miwili tunachukua, wa tatu tunauacha mtini kwa ajili ya mvua ijayo, ndivyo alivyofundishwa yeye na ndivyo nilivyofundishwa mimi, sema mimi Juni nilisahau. Mifuko: ishirini na moja. Ni ishirini na moja kweli. Imetoka kwenye mialoni sita.

Hermelinda alipoiona aliushika mmoja akaunusa. Kisha akaufunika uso wake nao, muda mrefu.

"Kachague kuni zisizo na moshi," akaniambia. "Na usisimame kwenye mwanga wangu."

Novemba 2

Tumewawekea marehemu mkate na maua. Hermelinda anasokota hata akiwa makaburini. Mumewe hatajali, anasema, alimzoea hivyo.

Novemba 11

Wekundu umekolea. Vidole vya dada yangu vimekuwa kama vya mchinjaji.

Novemba 19

Bado shubiri nne. Amejifunga kifaa cha kufumia kiunoni tangu alfajiri, ncha ya pili imefungwa kwenye nguzo. Nampikia mimi. Amesema maharage yangu yana chumvi nyingi. "Kama maneno yako," akaongeza. Lakini aliyamaliza.

Novemba 27

Umekwisha. Ni mwembamba, si laini kama wa dukani, una vinundu vidogovidogo, na ukiuvuta unalia kidogo.

Nimeng'oa kiatu mlangoni. Pameachwa alama nyeupe ukutani, umbo la mguu.

Novemba 30

Harusi ilikuwa jana.

Frosina alitoka akiwa amefungwa mshipi. Wazee waliusogelea, wakaushika, wakavuta, wakasikiliza unavyolia, wakaridhika. Mwenyekiti akapaza sauti: "Nabor! Mwaloni mmoja, sivyo? Hebu tusimulie!" Watu wakageuza viti kabisa. Walikuwa wanaingojea tangu Mei.

Macedonio alikuwa amekaa karibu na mlango. Frosina mwenyewe ndiye aliyemwalika. Alikuwa amekuja na mbuzi mmoja wa zawadi, na alipoingia watu wetu walikuwa wamenyamaza wote, hata wapiga tarumbeta.

Nikasimama na kiatu mkononi. Nikasema kila kitu. Mifuko mitatu. Kamba ya katani. Viwavi walivyoniacha. Mialoni sita, yote ya San Melitón. Kisha nikainua kiatu nikasema huyu mzee hakukimbia, mimi ndiye niliyekuwa nalia matopeni, na yeye alinibeba. Hermelinda alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na mara hii hakuingia ndani.

Halafu mtu mmoja nyuma akapasuka kwa kicheko, na wa pili, na nyumba nzima.

"Viwavi wakahamia San Melitón!" baba wa bwana harusi alikuwa anajipigapiga paja. "Tena kwa mguu!"

"Na Nabor analia! Hiyo ya Nabor analia ndiyo kubwa kuliko zote!"

"Ni kweli!" nikapiga kelele. "Jamani, ni kweli tupu!" Nao wakazidi kucheka. Nikasema muulizeni mwenyewe, huyo hapo amekaa. Wakamgeukia.

Macedonio akainuka polepole, akavua kofia. Akanitazama, akawatazama.

"Nilikimbia," akasema. "Ule ukelele, nyie hamkuusikia. Mbuzi wangu wawili walizaa palepale."

Walimnyanyua juu. Haki ya Mungu, mtu wa San Melitón alibebwa juu kwa juu nyumbani kwa dada yangu, akapewa paja la bata mzinga na kiti cha mbele. Mimi nilibaki nimesimama na kiatu. Muda wote wa ngoma ya kwanza nilikuwa natafuta mtu mmoja wa kuniamini. Frosina alipita akicheza, akaniambia sikioni, "Mimi nilizihesabu zile kamba, mjomba," akaendelea kucheza.

Leo asubuhi nimekwenda kwenye mawe ya mpaka. Nilikuwa na hasira, nilimwambia amenidhulumu, mara moja tu maishani mwangu nasema jambo lilivyo, naye ananifanya mwongo.

"Nilitaka kuusikia ukweli kinywani mwako, nimeusikia," akasema. "Wao je, wao walitaka kucheka. Na sisi hatukuwa tumekula pamoja na watu wenu kwa miaka saba, bwana. Ulitaka niharibu mlo?"

Nikamkabidhi kiatu. Akakigeuzageuza, akakagua soli.

"Cha kushoto," akasema. "Cha kulia nilikitupa mwaka uleule."

Akanirudishia.

Nimerudi kwa njia ya mwaloni wangu. Umeanza kuchipua kidogo kwenye ncha, wakati si wake. Uzi mwekundu bado upo, umepauka. Nimeukaza.

Mifuko: hakuna.